Mfalme Mgongoni mwa Baba Mkwe

Wewe uliyenisoma wiki iliyopita uliniacha nje ya karakana ya fremu, mlango umebamizwa nyuma yangu, nimekumbatia bahasha kubwa ya kaki kama mtu aliyefukuzwa akiwa na mtoto mgongoni. Wewe ambaye hukunisoma usihangaike. Balaa langu halina mizunguko mingi. Lina karatasi tu.

Mimi ni fundi fremu. Yaani nilikuwa. Darasa la saba liliponitema niliingia kwa Bosi kufagia vumbi la mbao, nikaishia kukata vioo. Na kazi yenyewe ndiyo iliyoniponza. Mtu akileta fremu kuukuu unaifungua mgongo, na nyuma ya picha unakuta vitu ambavyo mafundi wa zamani walijazia ili picha isicheze. Magazeti, kalenda, maboksi ya sabuni.

Siku moja nikakuta farasi.

Nusu farasi, kusema kweli. Kichwa na miguu ya mbele, halafu karatasi ikaisha. Aliyemshika hatamu alivaa soksi nyeupe mpaka magotini, na juu yake ilipepea bendera yenye ndege wa vichwa viwili. Ilikuwa picha ya kuchapwa, ya zamani mno, mistari yake myembamba kama nywele za mtoto mchanga. Chini yake maneno ya lugha nisiyoijua. Bosi akasema tupa. Sikutupa.

Ikapita miezi. Fremu nyingine, mgongo mwingine, nikakuta makalio ya farasi yule yule.

Niliziweka pamoja mezani zikashikana kama mkono na glovu. Hapo ndipo ugonjwa uliponiingia. Kumbe ulikuwa msafara mmoja mrefu, sherehe ya kumtawaza mfalme fulani wa nchi fulani, uliochapwa vipande vipande ili ukiupanga ukutani uone maandamano yote yanapita mbele yako. Na mtu fulani alikuwa ameutawanya nyuma ya picha za watu, mji mzima.

Tangu hapo sikulala usingizi wa watu wengine. Nimewapata wapiga tarumbeta. Nimewapata wabeba ngao, na mabibi wenye mikia ya nguo inayobebwa na mabibi wengine. Nimejifunza kuwatambua kwa alama zao. Ukoo wenye ngao ya simba wawili waliosimama kama wanagombana, basi watu wake wote wana simba hao vifuani, na farasi wao wamefunikwa simba hao hao mpaka mkiani. Anayebeba taji juu ya mto namjua. Anayebeba upanga uliosimama namjua.

Ninachokosa ni mfalme.

Msafara mzima unakwenda, mbele tarumbeta, nyuma walinzi, na katikati pengo. Ni kama harusi ambayo kila mtu amefika isipokuwa bwana harusi, na mimi ndiye mshenga, natafuta kila uchochoro.

Mtaani wananiita Malkia wa Makaratasi. Na wiki iliyopita Bosi alinikuta nimefungua kioo cha mteja kilicholetwa kupigwa msumari mmoja tu.

"Kuchungulia migongo ya watu ndiyo kazi niliyokupa?" aliniuliza.

Unga ukamwagika.

Sasa tuendelee.

Kutoka pale nilinyoosha moja kwa moja kwa mchumba wangu. Yeye ni fundi saa, ana meza yake chini ya ngazi za jengo la maduka, kajilenzi kamebanwa jichoni, vispringi na vigurudumu vimetapakaa mbele yake kama punje.

"Umefukuzwa," alisema bila kuinua kichwa.

"Umejuaje?"

"Ni saa za kazi, na umekuja na wafalme wako."

"Mfalme hayumo," nilimwambia. "Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Alitoa lenzi jichoni. Huwa haitoi kwa mambo madogo.

"Nisikilize. Kesho Mama anataka kukuona. Wazee watakaa hivi karibuni kuzungumza habari zetu, na neno la Mama ndilo litakaloamua. Mimi nakuomba kitu kimoja tu. Usimtajie hayo makaratasi."

"Kwani yana nini?"

"Hayana kitu. Usiyataje tu."

"Akiniuliza napenda nini?"

"Sema unapenda kupika."

"Sipendi kupika."

"Wala mimi sipendi kukuona ukimwangalia farasi kwa macho ambayo mimi sijawahi kuangaliwa nayo," alisema. "Naoa mtu, jamani. Sioi makumbusho."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alirudisha lenzi jichoni na mazungumzo yakaishia hapo, na mimi nikaondoka nimenuna. Watu wengine wachumba wao wanakunywa, wanacheza kamari, wanapiga watu. Mimi naokota karatasi ambazo wenzangu wametupa, halafu nafanywa kama nina ugonjwa wa kuambukiza.

Hata hivyo niliahidi.

Kesho yake nilivaa gauni langu la heshima nikaenda. Bahasha niliiacha nyumbani, chini ya godoro. Nataka mjue hilo. Niliiacha.

Mama mkwe wangu mtarajiwa ni mwanamke mwembamba, mnyoofu, anayeketi bila kuegemea. Alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti, mwanawe amesimama mlangoni. Binti yake, wifi yangu, alikuwa amejibwaga kwenye kochi anapaka kucha rangi. Wifi ana ulimi ambao ungeweza kukatia kioo bila rula.

"Karibu wifi," alisema. "Tumesikia unafungua watu migongo."

"Fremu," nilisema. "Nafungua fremu."

"Ndiyo hizo hizo."

Mama akamkata jicho. Mimi nikainua macho ili nisijibu, na hapo ndipo nilipomwona.

Ukutani, juu ya kabati la vyombo, alitundikwa marehemu baba mkwe. Picha kubwa ya kizamani, ile ya kupigwa nyeusi na nyeupe halafu mpiga picha akaipaka rangi kwa brashi, suti ya buluu, midomo ya waridi, mashavu kama ya mtu aliyetoka kukimbia. Lakini sikumwona yeye. Samahani, ila nasema kweli. Niliona kwamba fremu imeinama mbele kidogo kwenye waya wake, na kwa pembeni mgongo wake unaonekana. Mgongo ule ulizungushiwa ukanda wa kitambaa cheusi, na ukanda ulishikizwa na vimisumari vya shaba vilivyopigwa mshazari.

Mkono ule naujua. Kila karatasi niliyowahi kuipata niliitoa nyuma ya ukanda mweusi na misumari ya mshazari.

Mama akaniuliza wazazi hawajambo, nikajibu hawajambo. Akaniuliza safari ilikuwaje, nikajibu hawajambo. Macho yangu hayakubanduka pale ukutani. Niliyavuta yashuke, yakakataa.

Mama akageuka kufuata macho yangu. Nikajua nimeharibu.

"Unamwangalia," alisema.

"Nisamehe, Mama."

"Usiombe msamaha." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imelainika. "Watu wanaingia humu wanaangalia televisheni, wanaangalia makochi. Hakuna hata mmoja anayemwangalia yeye. Wewe umeingia tu ukamwona."

"Anaangalia fremu, Mama," alisema wifi huku akipuliza kucha. "Huyo ni fundi."

"Nyamaza wewe. Mwanangu, sogea umwone vizuri."

Nilisogea. Kwa karibu niliona ukungu umeingia ndani ya kioo, na chini, karibu na mkono wa marehemu, doa la rangi ya chai limeanza kupanda.

"Unaona alivyo?" Mama alisema nyuma yangu. "Mvua zilizopita paa lilivuja. Mimi simpi mtu wa nje amshike. Lakini wewe si wa nje tena. Wazee watakapokuja nataka awe safi, awepo na yeye. Utanisafishia?"

Wasomaji wangu, mnajua nimeomba mara ngapi watu wanifungulie fremu zao? Nimefukuzwa na mbwa. Nimeambiwa mchawi. Nimefukuzwa kazi. Na leo hii mtu ananiomba mwenyewe, tena kwa unyenyekevu.

"Nitamsafisha, Mama," nilisema, nikasikia sauti yangu imekuwa nyembamba kama ya mwizi.

Mchumba wangu alinisindikiza mpaka nje. Tulipofika kwenye geti akanigeukia.

"Nimekuona."

"Umeona nini?"

"Nimeona macho yako. Utamfuta kioo kwa nje, basi."

"Ukungu uko ndani."

"Basi fungua kwa mbele."

"Fremu haifunguki kwa mbele. Wewe saa unaifungua kwa mbele?"

Akakwaruza geti kwa ukucha. "Basi ukifungua, usiangalie."

"Nifanye kazi nimefumba macho?"

"Unajua ninachosema."

"Sijui," nilimwambia, na hasira zilikuwa zimenipanda. "Unasema nusu nusu, kila siku nusu nusu. Karatasi zimekukosea nini? Ukiniambia nitaelewa. Usiponiambia nitafungua na nitaangalia, kwa sababu mwenye nyumba kanipa ruhusa."

Akanipa kisogo akarudi ndani. Hivyo ndivyo tulivyoagana.

Nilirudi siku iliyofuata asubuhi na mfuko wangu wa vifaa. Mama alikuwa anatoka kwenda kwa mshonaji, mwanawe anamsindikiza. Alimshusha marehemu kwa mikono yake mwenyewe, akamlaza kifudifudi juu ya meza aliyoitandikia blanketi, akampigapiga mgongoni kidogo kama mtu anayembembeleza mgonjwa, halafu akaniambia, "Taratibu, mwanangu." Mchumba wangu aliangalia koleo langu tu.

Wakaondoka. Wifi akabaki kunilinda, na chupa yake ya rangi.

"Fanya," alisema. "Mimi sipo."

Nilichomoa misumari mmoja mmoja nikaipanga kwa ilivyotoka. Nikabandua ukanda mweusi. Chini yake kulikuwa na kadibodi, nikainyanyua kwa ncha ya kisu. Chini ya kadibodi kulikuwa na karatasi nene, nyeupe, upande usiochapwa.

Niliinua fremu kidogo kuelekea dirishani, mwanga upite.

Na kupitia ule weupe nikamwona. Kwa kinyume, hafifu, kama mtu nyuma ya pazia. Mwavuli mkubwa wenye vishada umeshikwa na watu wanne. Chini ya mwavuli, gari lisilo na paa. Ndani ya gari, mtu. Kichwani mwake kuna taji.

Nilikaa chini.

"Umeona nini?" wifi aliuliza.

"Mfalme."

"Nyuma ya baba?"

"Nyuma ya baba."

Akasahau kucha zake, akaja. Tuliinama wote wawili tukachungulia. "Kanenepa," alisema. "Wafalme wako wote ni wanene hivi?"

Nilipitisha kisu chembamba pembeni ili nimwinue. Hakuinuka. Nikajaribu kona nyingine. Hakuinuka. Nikaweka jicho sawa na meza, nikaona jambo ambalo lilinikata maini. Upande wake uliochapwa, ule wenye uso wake na taji lake, ulikuwa umegandana na mgongo wa picha ya marehemu. Kutoka ukingo hadi ukingo. Walikuwa wamekuwa karatasi moja.

"Mloweshe," wifi alisema. "Mimi stempu huwa nazilowesha, zinatoka."

"Atatoka. Ila baba yako naye atatoka. Hii suti ni rangi ya brashi, maji yakiigusa inaondoka. Na midomo."

"Kwa wembe je?"

"Kwa wembe baba yako atabaki. Mfalme atatoka vipande, kama ganda la kitunguu."

Wifi alifikiri. "Si uwaache? Futa kioo, funga, mrudishe ukutani. Nani atajua?"

Hilo nililifikiria kabla yake, msidhani sikulifikiria. Lakini lile doa la rangi ya chai lilikuwa linatokea katikati yao, unyevu umejificha humo na unakula pande zote mbili. Nilimwonyesha kwa kidole lilikofikia.

"Nikifunga hivi, mvua zijazo Mama hana mume ukutani, na mimi sina mfalme. Lazima mmoja atoke."

"Basi toa huyo mnene," wifi alisema kwa upole ambao sikuutegemea kwake. "Wifi, huyu ni baba yangu."

Alikuwa sahihi. Hakuna mwenye akili timamu angebishana naye. Na bado nilisimama pale na wembe mkononi, nimejaa hasira sijui na nani. Na paa. Na mvua. Na fundi aliyekufa zamani. Nimezunguka mji mzima, nimechekwa, nimeachishwa kazi, na siku ninayomkuta mfalme wangu ndiyo siku ninayotakiwa kumkwangua kwa mikono yangu.

Nikajikaza. Nikaanza kona ya chini, kwa mtumishi mmoja wa mwavuli, ambaye hakuwa na ubaya wowote. Karatasi ilitoka kwa uzi mwembamba. Kiatu chake kikaenda. Soksi yake ikaenda.

Wembe ukakwama kwenye kitu kigumu, na nikasimama.

Unyevu ukigandisha karatasi huganda kwa mabaka, hapa imeshika, hapa haikushika. Hii haikuwa na mabaka. Nilipiga jicho vizuri chini ya ule ukanda nilioukwangua, nikaona mistari ya brashi. Nikatia kidole ulimini. Wanga. Gundi ya kupika kwa unga.

Fundi fremu hapaki gundi kwenye karatasi ya kujazia. Haijawahi kutokea. Ya nini? Kazi yake ni kukaa tu. Na hata fundi mlevi hawezi kuipaka usoni mwa picha, upande mzima, kwa uangalifu vile.

"Kuna mtu alimbandika," nilisema. "Makusudi."

"Mtu gani?"

"Gundi hiyo niliipika mimi."

Hatukusikia mlango. Mama alikuwa amesimama kwenye zulia, mkoba mkononi, na nyuma yake mchumba wangu amebeba gauni jipya la Mama kwenye hanga. Wembe ulikuwa bado mkononi mwangu na soksi ya mtumishi imejisokota kwenye ncha yake.

"Mama, nilikuwa namwokoa Baba," nilisema. "Doa linatoka nyuma, nilitaka..."

"Nimesikia ulichotaka." Aliketi, mnyoofu kama kawaida yake. "Mfalme wangu, umesema. Nimesimama hapo mlangoni nikakusikia unajisemea. Mfalme wangu. Hujui kama unasema kwa sauti?"

Sikujua. Wifi aliangalia kucha zake, nikaelewa kwamba kweli nilisema.

"Marehemu naye alikuwa anajisemea," Mama akaendelea. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Katika nyumba hii kulikuwa na chumba kizima cha wafalme. Kutawazwa, kuzikwa, kuoana, kupita juu ya farasi. Dirisha lilifungwa wasipate jua. Watoto walilala sebuleni, wafalme walilala chumbani. Huyu," akamnyooshea mwanawe kidole, "amelala kwenye kochi hilo mpaka miguu yake ikapita mwisho wa kochi."

Mchumba wangu aliliangalia kochi.

"Msafara huo ulikuwa kipenzi chake. Hakuwa na ukuta wa kuutosha, kwa hiyo anautoa kipande kipande, anakiangalia, anarudisha. Siku moja alisafiri. Nikaubeba wote nikampelekea fundi fremu aliyekuwa hapo njia panda, nikamwambia hizi zinafaa kujazia. Akafurahi sana, karatasi nene nzuri. Nikambakisha huyo wa katikati tu. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka anibembeleze nimrudishie."

"Akakubembeleza?" aliuliza wifi. Kumbe hata yeye hakuijua habari hii.

"Hakunigombeza, hakunibembeleza. Alianza kuwatembelea watu. Majirani, marafiki wa marafiki, anakaribishwa ndani, anakaa, na anaangalia kuta zao. Mpaka anafariki alikuwa akiingia kwenye nyumba za watu na kuangalia kuta." Alinigeukia. "Jana ulipouangalia ukuta wangu nilidhani unamheshimu. Kumbe unaangalia kama yeye."

Sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

"Alipokufa nikapika gundi," alisema Mama. "Nikambandika mfalme wake mgongoni, fundi yule yule akatia fremu. Uso kwa mgongo. Nikasema, haya, umempata, sasa nenda naye, lakini hutamwona."

Niliweka wembe juu ya blanketi, taratibu, kana kwamba ungelia.

Nikamtazama mchumba wangu. "Ulijua."

"Alipo huyo sikujua. Nilijua makaratasi hayo yalivyotufanya." Gauni lilikuwa bado linaning'inia mkononi mwake. "Siku ya kwanza uliponionyesha yule farasi wako nilimtambua. Nilikuwa nikimwona kwenye tundu la ufunguo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekuja huku kunitafuta mimi au kumtafuta mfalme?"

Nikaangalia kona niliyoikwangua.

"Zilizobaki unazo?" Mama aliuliza. "Unazo ngapi?"

"Ninazo zote, Mama. Isipokuwa huyu."

"Zote?"

"Zote. Zinashikana. Hakuna pengo lingine."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mama aliegemea. Aliangalia ule mgongo mweupe wa karatasi mezani, midomo yake inacheza kidogo kama anayehesabu watu waliofika msibani. Nikamwonea huruma. Na ndani ya huruma hiyo, Mungu anisamehe, nikaona tumaini dogo linanyanyua kichwa.

"Nenda kazilete," alisema hatimaye. "Zipange hapa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mimi nimeishi nazo miaka yote ile na sijawahi kuziona zimepangwa. Nataka nione kitu kilichonichukulia mume. Nikishakiona nitakata shauri."

"Shauri gani, Mama?"

"Maji au wembe. Mimi mwenyewe nitashika. Nikitia maji, mume wangu ndiye anayeondoka, na nitakupa mfalme wako mzima, umpeleke kwenu. Nikishika wembe, nitakupa mwanangu." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayenipangia zamu za kuosha vyombo. "Viwili kwa pamoja havitoki katika nyumba hii. Nimeshaolewa na mtu wa namna yako. Mwanangu sitamwoza hivyo. Kwa hiyo na wewe uniambie. Ungekuwa wewe, ungeshika nini?"

Niliwaahidi tangu sehemu ya kwanza kwamba sitawaficha, na hili nalo silifichi. Msichana yeyote mwenye akili angejibu pale pale. Angesema wembe, Mama, tena lete nikusaidie. Wifi alikuwa ananikonyeza nijibu. Mchumba wangu alikuwa amelikumbatia gauni. Na mimi nampenda mtu yule, nampenda jinsi anavyoshika vitu vidogo asiviumize. Nikafungua mdomo nijibu.

Kilichotoka ni hiki:

"Sebule haitazitosha, Mama. Itabidi tuhamishe kochi."

Nilijisikia nikisema, na nisingeweza kuyarudisha.

Mchumba wangu alitundika gauni la mama yake kwenye kitasa cha mlango. Alitembea bila haraka mpaka kwenye kochi, akakaa katikati, akaweka mikono yake miwili kwenye mito ya pembeni kama mtu anayezuia gari lisirudi nyuma.

"Kochi hili halihami," alisema.

Mama akanitazama, akasubiri jibu langu, maji au wembe.